Glenys Tuckwell na Jozi ya Kumi na Moja

Kambi yetu ya karavani, zile nyumba za kukokotwa na gari, hapa Tarrabee, kando ya mto Darling, ina rafu moja kwenye chumba cha kufulia nguo. Ni rafu ya vitabu. Unaacha ulichomaliza kusoma, unachukua kingine, unakwenda zako. Ndiyo desturi ya kambi zote kuanzia hapa mpaka Perth, upande wa pili wa Australia, na hakuna anayekuuliza. Nimeishi hapa miaka ishirini na sita, karavani yangu imeshaota mizizi, na kazi ya kufagia chumba kile ni yangu, kwa hiyo nimeona mengi. Nimekuta meno ya bandia. Nimekuta picha ya harusi ndani ya fremu yake, bwana harusi amekatwa kwa mkasi. Lakini asubuhi ile nilikuta viatu vya mchuchumio, ngozi nyororo ya zambarau, vimesimama kati ya riwaya mbili za mapenzi kama mabibi wawili wanaosubiri kufunguliwa mlango. Nikajua tumepata mgeni.

Sikuhangaika kumtafuta. Nilichungulia dirishani nikamwona anatoka bafuni, taulo begani, mswaki mkononi, anakanyaga kokoto kwa jozi nyingine yenye visigino vya inchi tatu. Kambi nzima ilikuwa na ndala. Sisi watu wa huku tunavaa ndala benki, tunavaa ndala kanisani, na nimewahi kuhudhuria mazishi ambayo mchimba kaburi peke yake ndiye aliyevaa viatu, tena kwa sababu za kazi. Watu wakaacha kutafuna mikate yao wakamtazama. Yeye akawaamkia kwa kichwa, kushoto na kulia, kama malkia anayekagua gwaride la watu wasiooga.

Huyo ndiye Glenys Tuckwell wa Geelong, miaka sitini na sita, mfupi kiasi kwamba akisimama nyuma ya meza ya kukunja unaona shingo na hereni. Miaka thelathini na mmoja aliuza viatu kwenye duka la mtaa mkubwa wa kwao, duka la watu wenye pesa na vidole vilivyopinda. Alipiga magoti mbele ya wake za madaktari, akaingiza miguu minene kwenye viatu vyembamba, akawaambia vimewakaa vizuri. Mtu akisema uongo huo miaka thelathini na mmoja bila kucheka, ana haki ya kuondoka na chochote. Yeye aliondoka na jozi arobaini na nne.

Mumewe, Merv, alikuwa muuza matairi ya malori, mrefu kama nguzo ya simu na mwenye maneno machache kuliko nguzo. Alipostaafu alipatwa na ule ugonjwa unaowapata wanaume wetu wote wakistaafu. Aliuza nyumba, akanunua karavani ya futi ishirini na moja, akamwambia mkewe kwamba sasa wataiona nchi. Utafikiri nchi ilikuwa imejificha. Sitaki mtu aseme Glenys alilazimishwa. Alitia saini kwa kalamu yake. Jozi thelathini na tatu akazipeleka duka la hisani la kanisa, akarudi nyumbani macho makavu. Kumi na moja zilizobaki zikapanda karavani, chini ya kitanda.

Ingeishia hapo pangekuwa na amani. Lakini Merv alikutana na mizani. Kule Mildura walisimamishwa na watu wa barabara wanaopima karavani, wakaambiwa wamezidi kilo arobaini, safari hii onyo tu. Tangu siku hiyo bwana yule akaanza kuipima dunia. Alikuwa na kimizani cha ndoano cha kupimia samaki, na tangu watoke nyumbani kilikuwa hakijaona samaki. Alipima sufuria. Alipima taulo kavu, kisha akalilowesha akalipima tena. Alipima sidiria, na hili Glenys aliniambia kwa sauti ya chini. Alipomaliza hesabu zake zote akagundua kwamba kinachoizamisha karavani ni viatu vya mke wake.

Genereta haikuwa na uzito. Wala sanduku la spana, wala msumeno wa kukatia kuni katika kambi ambazo kukata kuni ni marufuku, wala bamba la chuma la kuchomea nyama, wala katoni nne za bia, wala ndoo ya mawe aliyookota White Cliffs akiapa kwamba ndani yake mna opali, kile kito cha thamani. Hivyo vyote vilikuwa vitu vya lazima. Nyani haoni kundule, na nyani mwenye kimizani ndiyo haoni kabisa.

Wakapatana hivi: kila kambi watakayolala, jozi moja itabaki. Glenys hakuzitupa, maana viatu vyake si takataka. Aliziweka kwenye rafu za vitabu, moja kwa kila kambi, zimepigwa rangi na kusuguliwa. Nyeupe ya kamba ilibaki Mildura. Ya kijani ilibaki Wentworth. Ya ngozi ya nyoka aliiacha mahali ambapo, alivyosema, nyoka wenyewe ni wengi hata wasingeshangaa. Ile ya zambarau niliyoikuta mimi ilikuwa ya kumi. Ya kumi na moja ndiyo aliyokuwa amevaa, rangi ya majivu, yenye kifungo kidogo cha fedha pembeni, na hiyo alimwambia Merv mbele ya mashahidi kwamba haitabaki popote.

Mashahidi tulikuwa sisi watu wa saa kumi na moja. Saa kumi na moja jioni kila mtu hutoka na kiti chake na kinywaji chake, tunakaa duara, tunadanganyana kuhusu dizeli. Merv akasema, kwa upole wa mtu anayejua hesabu ziko upande wake, kwamba gramu mia nane ni gramu mia nane.

"Haziko kwenye karavani," Glenys akamjibu. "Ziko miguuni mwangu, na mimi nakaa kwenye gari. Kazipime huko."

"Na ukivivua ukilala?"

"Nikilala karavani imesimama, mume wangu. Saa hizo hata wewe huna uzito wowote."

Watu wa Adelaide waliokaa karibu yangu walicheka mpaka jibini likawapalia. Merv hakucheka. Alimtazama mkewe kama anavyotazama tairi lenye msumari, halafu akasema mahali panapofuata pana mizani nyingine, na kabla ya kuondoka hapa viatu vile vitashuka, na hilo limekwisha.

Siku ya pili Glenys alikuja kufua. Mimi sikuzaliwa na haya, nikamwuliza mtu wa umri wake anatafuta nini na visigino vile kwenye kokoto, anataka kuvunja nyonga atuharibie msimu? Akakunja taulo taratibu, pembe kwa pembe, kidukani.

"Bi Elva," akasema, "Merv ana futi sita na inchi mbili. Nikivaa hivi namfikia sikioni. Nikivua nasema na kifungo cha tatu cha shati. Na kifungo hakisikii."

Mengine aliyasema akiwa amenipa mgongo. Kwamba Geelong alikuwa mtu, wateja walimsubiri yeye wakawaacha wauzaji wengine wamesimama. Kwamba kila kambi aliyoacha jozi aliondoka amepungua kidogo, na Merv ameongezeka. Siku hizi Merv ndiye anayesema tusimame wapi, tuamke saa ngapi, tuteke maji bomba lipi. Yeye ni abiria wa kufungua mikate na kusoma vibao. Jozi hii ikibaki Tarrabee, na yeye atabaki Tarrabee, mpaka Alhamisi, maana Alhamisi kuna basi, na dada yake Geelong ana chumba. Saa za basi alikuwa ameshaziuliza.

Sikumshauri kitu. Basi la Alhamisi limeokoa ndoa nyingi hapa na limezika nyingine nyingi, na dereva wake hajawahi kugeuza kichwa.

Basi, Jumatatu mvua ikanyesha. Milimita kumi na mbili, mvua ambayo Geelong isingemfanya mbwa anyanyuke, na huku kwetu ikafunga barabara zote. Udongo wetu mweusi ukilowa hauachi mguu. Kila hatua unanyanyua kilo ya nchi, na hatua inayofuata unaongeza nyingine. Kufika mchana kambi yote ilikuwa imepanda inchi nne, wanaume kwa wanawake, na yule bwana wa Adelaide mwenye kitambi alikuwa anakwenda chooni kama mrembo jukwaani. Glenys peke yake ndiye aliyekuwa na uzoefu. Alhamisi ikapita bila basi. Merv hakujua ameponea wapi. Alikuwa chini ya turubai anapima kamba.

Ijumaa msimamizi wetu, Noel, akapita mlango kwa mlango. Alikuwa amepigiwa simu: maji ya mafuriko ya Queensland yanateremka. Maji hayo hayana haraka, husafiri wiki mbili kuja kututembelea, lakini yakifika hayabishi hodi. Safu yote ya chini kando ya mto ihame ipande juu kwenye uzio, Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Na nafasi za juu, akasema Noel, zimezibwa na uzio nyuma, huingii mbele ukatokea kwingine. Ni kwa rivasi tu.

Nilimwona Merv anashika shingo.

Ile shingo naijua. Siku waliyofika alimwomba Noel nafasi ya kuingilia huku na kutokea kule, akasema shingo inamsumbua. Miaka ishirini na sita nimeisikia shingo hiyo. Kila mwanaume asiyeweza kupiga rivasi na karavani ana shingo. Kambi kumi na zaidi, miezi minane, kilomita elfu kadhaa za kuiona nchi, na Merv Tuckwell hakuwa amerudi nyuma hata hatua moja.

Jumamosi saa tatu asubuhi viti vilikuwa vimeshatoka. Si jambo la kuambizana. Mtu akianza kurudisha karavani, wengine hutoka na viti na chupa za chai, wakakaa mahali penye kivuli na mandhari. Mke husimama nyuma na kupunga mikono, mume hutazama kioo na kumlaumu. Nimeona ndoa za miaka hamsini zikiisha kati ya nafasi ya nne na ya tano. Sheria ni moja tu: mke abaki mahali anapoonekana kwenye kioo, akipotea kiooni dereva asimame.

Glenys akasimama nyuma, kwenye tope, na jozi ya kumi na moja. Merv akaanza. Karavani ikaenda kulia, gari likaenda kulia zaidi, vikakunjana kama kisu cha mfukoni. Akasogea mbele. Akarudi. Vikakunjana upande wa pili. Yule bwana wa Adelaide akamwambia mkewe, bila kunong'ona sana, kwamba sasa tumeona pande zote mbili.

"Kulia!" Glenys akapaza sauti.

"Kulia yako au yangu?"

"Kulia ya usukani, Merv."

"Usukani unazunguka, mama!"

Mara ya nne alipiga nguzo ya bomba. Mara ya tano Noel alivua kofia akatazama ndani yake. Wakati wote huo Glenys alikuwa anazama. Kila alipopunga mkono visigino viliingia tope kidole kimoja zaidi, mpaka soli ikagusa udongo, mpaka kifungo cha fedha kikapotea, na hakuweza tena kusogea mbele wala nyuma. Zile inchi tatu zake zote zilikuwa ardhini. Mara ya sita Merv akapiga breki, akatoa kichwa dirishani, shingo mbovu na yote, akasema maneno ambayo watu wote wa viti waliyasikia.

"Sikuoni! Wewe mfupi, utaonekanaje? Tafuta kitu upande juu yake!"

Nimemaliza darasa la sita tu, na hata mimi nilijua kwamba yale ni maneno ya mtu anayemkatia mkewe tiketi ya basi.

 Glenys akainama, akafungua vifungo kwa mkono, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akaviacha viatu vimesimama kwenye tope vyenyewe, vinatazama karavani. Akatembea pekupeku mpaka mlango wa dereva. Mguu wake ni mdogo kama wa mtoto wa ekaristi ya kwanza. Sijui kwa nini nakumbuka hilo.

"Shuka," akasema.

"Unakwenda wapi?"

"Shuka, Merv."

Akashuka. Nadhani alishuka kwa mazoea ya matairi, mteja akisema shuka unashuka. Glenys akapanda. Kiti kikavutwa mbele mpaka kikagoma. Akakalia mto. Vioo vyote viwili akavigeuza, bila haraka, kama anavyogeuza mtu kioo cha dukani kumwonyesha mteja mguu wake mwenyewe. Halafu akamrudisha yule mnyama wa futi ishirini na moja kati ya mti na karavani ya watu wa Adelaide, mara moja, mfululizo, kama mtu anayerudisha droo mahali pake. Alizima injini. Kati ya karavani na uzio pangepita mkono, usipite mkono wenye saa.

Hakuna aliyepiga makofi. Kwetu makofi ni ya watu wanaokosea. Bwana wa Adelaide akasema kwamba kuendesha pekupeku ni kosa kisheria. Mkewe akasema si kosa. Noel akasema ni kosa Queensland. Mwingine akaapa kwamba shemeji yake ni polisi na alishamweleza, ila amesahau alielezwa nini. Wakalibishania jambo hilo mpaka chakula cha mchana, maana lilikuwa rahisi kulitazama kuliko uso wa Merv.

Merv alikuwa bado amesimama mahali aliposhukia.

"Umejifunza wapi?" akauliza.

"Kwa baba. Trela la viazi. Nilikuwa na miaka tisa."

"Miaka arobaini na miwili tumeoana. Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kushuka," akasema Glenys, akaenda kunawa miguu.

Mchana ule Merv alichimba viatu kwa kijiko. Nilimwona. Akakaa bombani nusu saa na mswaki, wa meno, wa kwake, akasugua mpaka kwenye mishono. Saa kumi na moja tulipokaa duara alikuja mbele yetu sote amebeba kimoja kila mkono, na kile kimizani, nashukuru, alikuwa amekiacha ndani.

"Vibaki," akasema. "Nitashusha genereta."

Kwa asiyemjua Merv hayo ni maneno matatu. Kwa anayemjua, ni sawa na mtu amejitolea figo.  Nilimtazama Glenys nikajua kwamba ameshapata alichokitaka, na kwamba angeweza kuvivaa pale pale, akasimama, akafika sikioni kama zamani, na basi la Alhamisi likasahaulika.

Yeye akavipokea, akavigeuza, akapima kisigino kwa kidole gumba kama anakagua mzigo mpya.

"Umeviosha vizuri," akasema. "Genereta ishuke. Na hivi vishuke."

"Hivi kwa nini? Nimesema vibaki."

Hapo Glenys alisema kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeomba chumvi, nasi tukalazimika kuinama kwenye viti vyetu. Na Merv, futi sita na inchi mbili, akachuchumaa mbele ya kiti cha mkewe ili asikie, magoti yakalia kama mlango wa ghala.

"Nilipoviacha kule kwenye tope nilifikiri nitalia. Halafu nikakanyaga klachi. Merv, nilikuwa nimesahau. Inaongea na unyayo. Tangu leo na siku zote naendesha mimi. Kwenye kile kiti sihitaji kuongezewa kitu."

Merv akatikisa kichwa kukubali. Akabaki amechuchumaa pale muda mrefu. Wengine walidhani ni heshima, mimi nadhani magoti yaligoma kunyooka.

Barabara ilifunguliwa Jumatano. Alhamisi basi lilikuja, likapiga honi, likaondoka na mifuko miwili ya barua. Genereta ilichukuliwa na mtu kabla chai ya Merv haijapoa. Viatu vya rangi ya majivu vilikaa rafuni siku mbili, vikaenda na binti wa baa, ambaye alivivaa kwenye mbio za farasi, akarudi navyo mkononi kama wanawake wote wa mbio za farasi wanavyorudi. Glenys mwenyewe alikwenda duka la Noel kununua ndala. Za mguu wake zilikuwa za watoto tu, zenye picha za mamba wanaotabasamu. Alizijaribu kwa dakika kumi, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akauliza kama zipo za rangi nyingine. Hazikuwepo. Akamwambia Noel kwamba zimekaa vizuri, na kwa uso ule sikuweza kujua kama anadanganya. Nimewaambia, miaka thelathini na mmoja.

Ijumaa wakafunga safari. Yeye alipanda kwenye usukani, mamba wake akawavua na kuwaweka pembeni ya kiti. Merv akaja kuniaga. Karavani ilikuwa nyepesi, mizani haikuwa tishio tena, na mtu yule alionekana kama hajui afanye nini na mikono yake. Nikamwuliza, maana siku zote napenda kujua, sasa kwenye safari hii kazi yake yeye itakuwa ipi.

Alifikiri. Alilichukulia kwa uzito swali langu, jambo ambalo wanaume wengi hawafanyi.

"Kusimama nyuma," akasema, "mahali atakaponiona."